Dawa iliyookoa mapafu ya ami, na tumbo tulilolisahau

Wiki iliyopita, tukiwa barazani baada ya magharibi, jirani yangu mmoja alitoa bahasha ya kaki mfukoni akanionyesha. Ndani mlikuwa na vidonge vya aina tatu, bila jina wala maelezo. "Nina homa na mwili wote waniuma," akasema. "Dukani wamenipa hivi. Wamesema nikivimaliza nitasimama."

Nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa zaidi ya miaka 20, na vidonge vingine nimevishika mara nyingi hata navijua kwa sura. Kimoja kilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu. Kingine, kidogo cheupe, kilikuwa deksamethasoni, ambayo mitaani kwetu wengi huiita deksa tu. Nilimwomba asimeze hata kimoja kabla ya kupimwa. Aliponiuliza sababu, nilimsimulia yaliyompata ami yangu. Naona ni vyema niyasimulie na hapa, kwa kuwa sehemu ya kosa ilikuwa yangu mwenyewe.

Siku nane za ami

Ami aliugua Korona katikati ya mwaka 2021, wakati wa wimbi la kirusi cha Delta. Alikuwa na miaka 71, fundi seremala aliyekwisha kuweka randa chini, mkaazi wa Mji wa Kale. Siku nne za mwanzo alijiuguza nyumbani kwa bahasha kama ile ya jirani yangu. Siku ya tano pumzi zilimkata, tukamkimbiza hospitali.

Akawekewa oksijeni. Akachomwa deksamethasoni kila siku, pamoja na sindano ya kuzuia damu isigande. Kumtembelea wodini kulikuwa marufuku, kwa hiyo kila jioni nilimpigia simu binti yake na kumwuliza swali moja: "Oksijeni yasoma ngapi?" Siku ya kwanza 86. Siku ya tatu 90. Siku ya sita 94. Ami akaanza hata kuulizia chakula, akitaka mkate wa mofa na samaki wa kupaka. Nyumbani tukashusha pumzi.

Siku ya nane alianguka akienda msalani. Presha ilikuwa imeshuka sana, na kipimo kikaonyesha kwamba damu yake imepungua karibu nusu. Daktari ndipo akamwuliza choo chake kikoje. Ami akajibu kwamba kilikuwa cheusi kama lami, na kwamba ilikuwa siku ya tatu hiyo.

Mbona hakusema? Nilimwuliza baadaye, na jibu lake sijalisahau. "Mwanangu, yule sista ni rika la mjukuu wangu. Nimkalishe nimweleze habari za choo changu?"

Kulikuwa na jambo jingine. Siku aliyolazwa aliulizwa anatumia dawa gani, akataja za presha peke yake. Diklofenaki ya magoti, aliyokuwa akiimeza miaka nenda miaka rudi, hakuitaja. Kwake yeye ile haikuwa dawa, ilikuwa kitu cha kutuliza tu. Na mimi, mfamasia wa ukoo mzima, nilijua habari za magoti yale. Zaidi ya mara moja nilimpelekea vidonge hivyo kwa mkono wangu. Hakuna aliyeniuliza, nami sikukumbuka kusema. Nilishughulika na mapafu, tumbo nikalisahau.

Aliongezwa damu, kisha akapitishiwa mrija mwembamba wenye kamera kinywani hadi tumboni. Vidonda vilikuwa viwili, kimoja kikivuja. Kilizibwa, na ami akapona. Wako wasiobahatika hivyo.

Kwa nini mgonjwa hupewa dawa ya kushusha kinga?

Swali hili huulizwa sana, na ni la haki. Mtu ana kirusi mwilini. Iweje apewe dawa inayoipunguza nguvu kinga yake?

Korona kali huja kwa awamu mbili. Siku za mwanzo kirusi huzaana na kinga hupambana nacho. Kwa wagonjwa wengi mambo huishia hapo. Kwa wachache, yapata wiki moja baadaye, kinga hupandwa na hasira isiyo na breki. Huwa kama mlinzi anayemfukuza mwizi kwa kuitia moto nyumba. Mapafu huvimba na kujaa majimaji, na hatari sasa hutoka kwa mlinzi kuliko kwa mwizi. Mgonjwa wa aina hii anahitaji mtu wa kumshika mlinzi mkono.

Juni 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza walitangaza matokeo ya jaribio kubwa lililoitwa RECOVERY. Walitumia deksamethasoni, dawa iliyokuwapo tangu miaka ya 1950 na ya bei nafuu, miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10. Katika kila wagonjwa 100 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, walikufa 41 bila dawa hiyo na 29 waliopewa. Kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine, vifo vilishuka kutoka 26 hadi 23 katika kila 100.

Ila tazama kundi la tatu, wale ambao hawakuhitaji oksijeni. Bila dawa walikufa 14 katika kila 100, na kwa waliopewa walikufa 18. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba dawa iliwadhuru, lakini ilitosha kuonyesha kwamba haikuwafaa. Maana yake ni kwamba anayeimeza deksa nyumbani siku ya pili ya homa, akipumua vizuri, anamfunga mlinzi mikono wakati mwizi ndiyo kwanza anaingia. Ami alifanya hivyo siku nne.

Jinsi tumbo linavyoumia

Ndani ya tumbo mna tindikali kali ya kusagia chakula. Kinachotuokoa nayo ni utando laini wa ute unaolifunika tumbo kwa ndani na kujirekebisha kila siku. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzuia kemikali zinazouagiza mwili utengeneze ute huo. Deksamethasoni na ndugu zake, prednisoloni na haidrokotisoni, huchelewesha kupona kwa mchubuko uliokwisha kutokea. Moja hutoboa paa, nyingine humzuia fundi asilizibe.

Zikitumiwa pamoja, hatari hupanda sana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1991 uliwaangalia wazee na kukuta kwamba waliotumia makundi haya mawili kwa pamoja walikuwa na hatari ya vidonda vya tumbo mara 15 kuliko wasiotumia lolote. Mwongezee mgonjwa wa Korona sindano ya kuzuia damu isigande, ambayo mara nyingi anaihitaji kweli, na kidonda kidogo kinaweza kumwaga damu nyingi. Kisha ugonjwa mkali wenyewe hulipunguzia tumbo damu ya kulilisha. Ami alikuwa na mambo yote hayo kwa pamoja.

Lililo baya zaidi ni kwamba dawa hizi hunyamazisha kengele. Kidonda huuma kwa sababu kinga imekivamia na kukivimbisha. Kinga ikitulizwa, uvimbe hutulia, homa hushuka na maumivu hupungua, ilhali kidonda kiko palepale. Hata hamu ya kula huweza kuongezwa na dawa yenyewe. Ule mkate wa mofa uliotufurahisha haukuwa dalili ya kupona kama tulivyodhani. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Utumbo unapotoboka bila kelele

Katika hospitali kubwa kuna dawa nyingine ya kundi hili, tosilizumabu. Ilitengenezwa kwa ajili ya ugonjwa wa baridi yabisi, na hufanya kazi kwa kuziba mlango wa kemikali moja ya kinga iitwayo intaliukini 6. Mwaka 2021 jaribio lile lile la RECOVERY lilionyesha kwamba inapunguza vifo kwa wagonjwa mahututi wa Korona, na Julai mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wagonjwa hao. Ni dawa ghali, na kwetu si wengi wanaoipata.

Tangu ilipokuwa ikitumiwa kwa baridi yabisi, tosilizumabu ilijulikana kuwa inaweza, mara chache, kusababisha utumbo kutoboka. Walio hatarini zaidi ni wenye vifuko vidogo kwenye ukuta wa utumbo mpana vinavyopata uvimbe, na wanaotumia pia dawa za jamii ya deksa au za maumivu. Utumbo ukitoboka, uchafu humwagika ndani ya tumbo. Kwa mtu wa kawaida maumivu yake ni ya kupigiwa kelele, tumbo hukauka kama ubao na homa hupanda. Kwa aliyepewa dawa hii, huenda akalalamika tu kwamba tumbo limejaa. Homa inaweza isije kabisa, na hata kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini kinaweza kutoka kizuri, kwa kuwa dawa yenyewe imekizima. Hali hiyo hudumu kwa wiki kadhaa baada ya sindano, yaani hata mgonjwa akisharudi nyumbani.

Kwa hiyo mgonjwa wa aina hii akisema "tumbo halinikai sawa", asiambiwe ni gesi akapewa tangawizi. Arudishwe hospitali, na daktari aambiwe ni dawa gani alichomwa na lini.

Mnyoo anayengoja miaka

Hili ndilo linalotuhusu zaidi sisi watu wa nchi za joto, na ndilo linalosahauliwa zaidi. Kuna mnyoo mdogo mwembamba ambaye wataalamu humwita strongiloidi. Kiluwiluwi chake huishi katika udongo uliochafuliwa na kinyesi, hupenya ngozi ya mtu anayetembea miguu mitupu, hupita mapafuni, humezwa pamoja na makohozi, kisha hukaa katika utumbo mwembamba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 600 duniani wanaye.

Minyoo wengi huishi muda wao wakafa. Huyu ana hila. Baadhi ya watoto wake hukomaa humo humo tumboni, hupenya ukuta wa utumbo au ngozi ya karibu na njia ya haja kubwa, na kuanza mzunguko upya bila kugusa udongo tena. Kwa njia hii huweza kuishi na mtu miongo mingi. Wanajeshi wa Uingereza waliotekwa na Wajapani katika Vita Vikuu vya Pili, wakalazimishwa kujenga reli kati ya Thailand na Burma, baadhi yao walipimwa zaidi ya miaka 30 baadaye wakakutwa bado wanaye.

Miaka yote hiyo kinga humzuia asizidi. Siku kinga inaposhushwa kwa deksamethasoni, anaachiwa uwanja. Viluwiluwi huzaana kwa wingi, hutoboa utumbo na kusambaa hadi mapafuni na hata kwenye ubongo, vikiwa vimebeba bakteria wa kinyesi. Dalili huanza kwa tumbo kuuma, kuhara, kutapika, kikohozi na ngozi kuwasha. Asipogundulika mapema, mgonjwa hufa. Katika janga la Korona madaktari wa Ulaya na Marekani waliwapata wagonjwa wa namna hii, wakiwemo watu waliohamia huko kutoka nchi za joto. Mapafu yao yalikuwa yamepata nafuu, kisha minyoo ikaamka.

Msomaji ataniambia, mbona sisi hunywa dawa za minyoo? Ni kweli. Huko Kwale watafiti waliendesha jaribio la TUMIKIA, wakawapa albendazoli watu wa vijiji vizima badala ya watoto wa shule pekee, na wakaona kwamba minyoo ya safura ilipungua zaidi. Lakini dozi moja ya albendazoli, inayotosha safura, ni dhaifu kwa strongiloidi. Dawa yake hasa ni ivermektini. Na choo kikipimwa mara moja tu, mnyoo huyu huponyoka kwa urahisi.

Ivermektini iliwahi kuvumishwa kuwa dawa ya Korona, na watu wakainunua kwa wingi. Haitibu Korona, majaribio makubwa yamelionyesha hilo. Faida yake hapa ni nyingine kabisa, nayo ni kuwaua minyoo kwa mtu anayetarajiwa kushushwa kinga. Uamuzi huo ni wa daktari, kwa kipimo cha uzito wa mgonjwa.

Madogo yasiyopuuzwa

Deksamethasoni huleta pia kiungulia na, kwa baadhi ya watu, kwikwi zisizokoma. Haya huisha dawa ikiisha, ila mwambie daktari. Utando mweupe mdomoni pamoja na maumivu ya kumeza ni ukungu uliopata nafasi kinga iliposhuka, nao una tiba. Kuhara kunaweza kutokana na kirusi chenyewe, kwani Korona huingia hadi kwenye utumbo, au na antibayotiki alizopewa mgonjwa. Kukiwa kwingi au kukiwa na damu, kusisubiri kesho.

Na si Korona peke yake

Sisi wa Pwani tuna virusi vyetu vya mbu. Dengi iliwahi kuzuka Mombasa mwaka 2013 na tena 2017, na mwishoni mwa mwaka huo ikafuata chikungunya iliyowakunja watu viungo. Homa hizi huuma mno, na hapo ndipo bahasha ya kaki hutafutwa. Dengi hushusha chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, kwa hiyo kumeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki ni kujitafutia kutokwa damu tumboni. Deksa nayo haijathibitika kuisaidia dengi. Kinachoshauriwa ni parasetamoli kwa kipimo chake, maji ya kutosha na kupimwa.

Ya kusema na ya kutazama

Sisemi haya ili mtu aikatae deksamethasoni hospitalini. Bila dawa hiyo huenda leo ningekuwa nasimulia habari za kumzika ami. Wala mtu aliyezoeshwa prednisoloni kwa muda mrefu asiikatishe ghafla, kwani mwili unaweza kuporomoka. Ninachotaka ni daktari awe na habari tulizo nazo sisi wa nyumbani.

Mgonjwa wako akilazwa, mpelekee daktari mfuko mzima wa dawa zake, za magoti, za mgongo, za kienyeji na zilizokuja katika bahasha. Mwambie kama aliwahi kuwa na vidonda vya tumbo au kutapika damu, na kama anatumia aspirini ya moyo. Mwambie kama alilelewa shambani akitembea pekupeku, au kama tumbo na ngozi vimekuwa vikimsumbua bila sababu kujulikana. Kwa mwenye hatari, daktari anaweza kuongeza dawa ya kupunguza tindikali kama omeprazoli, kusimamisha dawa za maumivu, au kumtibu minyoo mapema.

Halafu uliza habari za tumbo kila siku kama unavyouliza za oksijeni. Choo cheusi, chenye kunata kama lami na harufu kali isiyo ya kawaida, ni damu hadi ithibitike vinginevyo. Vidonge vya madini ya chuma navyo hutia choo weusi, lakini aamue daktari, si wewe. Matapishi yanayofanana na unga wa kahawa ni damu. Kizunguzungu cha kusimama, moyo kwenda mbio, na tumbo kujaa au kuuma hata kidogo, yasemwe siku hiyo hiyo. Kama mzee anaona haya kumwambia sista, amwambie mwanawe, naye alifikishe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jirani yangu alipimwa kesho yake, akapewa parasetamoli na kuambiwa apumzike. Siku ya tatu alirudi barazani amechangamka. Ami alikuwa ameketi pale na kikombe chake cha kahawa. Ni yeye yule aliyeona haya mbele ya sista, lakini sasa haya zimemtoka zote. Kabla hata ya kuitikia salamu, alimkazia macho jirani akamwuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Na choo je, umekitazama?"